Bibi Harusi na Mkanda wa Feni

Mimi kunyamaza sijaumbiwa. Mama alilijua hilo, ndiyo maana asubuhi niliyotolewa Kihesa, Iringa, kupelekwa kwa mume Mbeya alimpa shangazi kazi moja tu: anichunge mdomo. Desturi ilikuwa bibi harusi asitoe neno njiani mpaka mama mkwe amfungue mdomo kwa zawadi. "Ukisema kabla," shangazi alinikanya, "watasema tumewaletea kasuku. Aibu yako, aibu yetu sote."

Nikajifunika kitenge, nikakaa mbele kwenye pikapu, kati ya shangazi na dereva, mjomba wa mume wangu. Nyuma wasindikizaji waliimba tangu Kihesa hadi Makambako bila kupumua. Mjomba alikuwa mcheshi, akanichokoza makusudi: "Bibi harusi, eti nyie Iringa hamjui kupika ndizi?" Nikauma ulimi, nikamwekea deni la jibu.

Tulipokuwa tunateremkia tambarare za Usangu, taa nyekundu ikawaka, kisha mvuke ukafumka kwenye boneti. Mkanda wa feni ulikuwa umekatika. "Msihofu, ninao mpya!" akasema mjomba, akautoa chini ya kiti. Mmoja tu, na kulia na kushoto ni nyasi na ng'ombe.

Tuliposhuka na injini ikapoa, akaanza kuufunga, wasindikizaji wakiimba kando ya barabara. Jamani! Baba yangu alikuwa fundi magari, nami nilikulia kwenye grisi. Mkanda ule unazunguka puli tatu, vile vigurudumu vyenye mfereji: ya chini ya injini, ya feni na ya dinamo. Ili uingie, sharti kwanza ulegeze dinamo na kuisukuma ndani. Mjomba hakulegeza kitu. Mkanda ulipogoma kwenye dinamo, akachukua bisibisi kubwa aulazimishe. Nikakohoa. Shangazi akanifinya. Nikakohoa tena, naye akanifinya pale pale. Ukingo wa mkanda ulikwisha kuanza kuchanika, na mjomba anasema, "Unaingia, unaingia!"

"Mjomba, acha! Legeza dinamo kwanza!"

Nyimbo zikakatika. Shangazi akashika kichwa. "Yesu wangu, ameshasema!"

Basi, maji nimeyavulia nguo, sina budi kuyaoga. Kitenge nikakifunga kiunoni, nikadai spana. Nikalegeza bolti, nikaisukuma dinamo, nikaupitisha mkanda kwenye panga moja moja la feni, nikauvalisha puli ya chini, ya feni, mwisho ya dinamo. Mjomba akaivuta dinamo kwa kipande cha mti huku nikikaza. Nikaubonyeza mkanda kwa dole gumba, ukabonyea kidogo tu, kama alivyonifundisha baba. "Washa!" Ikaunguruma, taa nyekundu ikazimika. Wasindikizaji walipiga vigelegele mpaka ng'ombe wakakimbia. Nilifurahi, nisiseme uongo. Na jibu la ndizi nikamlipa mjomba palepale, akacheka hadi akakaa chini.

Shangazi peke yake hakucheka. Alituapisha wote: hakuna atakayesema. Nikajifunika tena, bubu kabisa, mpaka Mbeya.

Tatizo ni kwamba maji yote tuliyobeba tulikuwa tumeyamimina kwenye rejeta, ya kunawa mikono hayakubaki.

Mama mkwe alitupokea mlangoni na kitenge kipya mkononi, zawadi ya kunifungua mdomo. Akanishika mikono. Akaitazama, nyeusi hadi kwenye kucha. Akamtazama kaka yake, dereva, ambaye ghafla aliona kitu cha maana juu ya paa. Nikajua sasa narudishwa.

"Gari liliharibika?" akauliza.

Mjomba akakubali kwa kichwa.

"Na huyu ndiye aliyelitengeneza?"

Mjomba akakubali tena. Mama mkwe akakikunjua kile kitenge kipya, akaanza kunifuta nacho grisi, kidole kimoja kimoja, bila haraka, mbele ya watu wote. "Haya, mwanangu," akasema, "sema sasa. Uko kwako."

Nilifungua mdomo. Neno halikutoka, machozi tu. Shangazi, aliyenifinya njia nzima, akanisukuma kwa kiwiko.

"Sema basi, wewe!"