Kola Kumi na Mbili za Huzaifa

Huzaifa alikuwa na kijicho, na kijicho chake kilikuwa na jina: Ndalahwa.

Miaka kumi na moja Huzaifa ameendesha gari la wagonjwa pale Ruangwa, na kila kona ya barabara ya Nachingwea anaijua kama mlango wa kwao. Akaja Ndalahwa, mtoto wa wafugaji kutoka kanda ya ziwa, akapewa gari la upande wa Nachingwea. Hata mwaka haujaisha, kila fomu za ajali wanazojaza madereva zikipimwa kwa alama, yeye ndiye wa kwanza! Sasa limeletwa gari jipya, na atakayeongoza kwa alama ndiye atakayekabidhiwa.

"Mtu anapiga magoti barabarani kando ya majeruhi robo saa nzima," Huzaifa alimlalamikia mkewe, Hadija. "Mimi nimeshafika hospitali, nimeshanawa. Halafu yeye ndiye bora?"

"Labda anafanya kazi," Hadija akamjibu, huku akichambua mbaazi.

Siku hiyo Huzaifa hakula vizuri.

Siku ya kupimwa, mkaguzi wao, muuguzi Teodosia, aliziweka fomu mezani. Ndalahwa alikuwa mbele kwa alama mbili. Roho ikamuuma Huzaifa, uvumilivu ukamshinda.

"Sista, tiki kila mtu anaweza kuweka. Kahesabu vifaa garini mwake! Kila gari lilipewa kola kumi na mbili za kufungia shingo ya majeruhi isitikisike njiani. Tuone kama kweli anazitumia."

"Wazo zuri," alisema Teodosia. "Tutahesabu za wote wawili."

Mchimba kisima huingia mwenyewe. Kwa Ndalahwa ilibaki kola moja. Kwa Huzaifa zilikuwapo zote kumi na mbili, zinang'aa ndani ya nailoni zake. Alikuwa akizitunza, kama Hadija anavyotunza vikombe vya wageni. Na kwa kuwa zimo garini, kwenye kila fomu aliweka tiki penye kola. Moyoni mwake hata hakuuita uongo.

Teodosia akachana nailoni moja. "Mfunge Ndalahwa, nione."

Huzaifa akaigeuza kola, akaigeuza tena, akamvisha.

"Kaka Huzaifa," Ndalahwa akasema taratibu, bila kucheka, "kidevu kinakaa upande huu."

Angecheka, ingekuwa nafuu. Huzaifa alimchukia kwa upole ule kuliko kwa alama zote.

Teodosia alikuwa akipekua fomu. Akasimama kwenye ya Tadeo, dereva wa bodaboda aliyeanguka Matambarale mwezi wa pili, ambaye mpaka leo hatembei.

"Hapa umeandika ulipomkuta alikuwa anachezesha miguu."

Huzaifa aliikumbuka safari ile: matuta aliyoyaruka, dakika alizojisifia kijiweni, na Tadeo huko nyuma akimwomba apunguze mwendo. Ndalahwa alikuwa bado amesimama na kola shingoni, imekaa juu chini.

"Ndiyo, Sista," Huzaifa akasema. "Alikuwa anaichezesha."