Bati Juu ya Kuku Wangu

Banda la kuku wetu limewekwa juu ya magurudumu mawili ya mkokoteni wa zamani. Kila asubuhi kabla ya shule mimi hulivuta hadi kwenye majani mapya chini ya mikorosho, kuku wakashuka wakaparura. Mama ndiye aliyeliezeka makuti. Majirani hapa Matsangoni hunicheka: "Kuku wenu wana gari, nyinyi mwatembea." Mimi si msemaji. Huinama nikapita.

Wiki iliyopita baba alisikia kwamba kina mama wa chama cha wafugaji watakuja kuliona banda hilo. Ijumaa nilirudi nikakuta makuti yametupwa chini, bati jipya liko juu, na banda limevutwa hadi kando ya barabara, juani kabisa. Mlango umefungwa ili kuku wasichafuke.

"Wageni waje waone makuti? Watatuonaje?" baba aliniambia.

"Wataumia na joto, baba."

"Hao ni kuku, si mayai ya kuchemsha." Akacheka peke yake.

Jumamosi wageni walichelewa. Kufika adhuhuri, bati hilo haligusiki. Kuku walihema midomo wazi, mabawa wameyaachia, na yule mwekundu alikuwa ameanguka. Baba naye akamwona.

"Mchinjeni upesi kabla hajafa. Tutawapikia wageni."

Nikawaza kwa hasira: Kuku anakutagia kila siku, unamwoka akiwa hai, kisha unataka usifiwe ukarimu? Nilifungua mlango, nikashika mpini wa banda, nikavuta. Gurudumu likazama mchangani. Hapo ndipo wageni walipoingia, wamejifunga leso zao mpya.

"Wee, acha hilo banda, waamkie wageni."

"Shikamooni," nilisema, mpini nimeushika. "Baba, wanakufa." Sauti ilitoka kubwa kuliko nilivyotaka.

Mgeni mmoja aliweka mkoba chini, akaja kusukuma nyuma. "Marahaba, mwanangu. Nani kaweka bati hili?"

Tukalisukuma hadi chini ya mikorosho.

Kivulini wengine walikunywa maji wakasimama. Yule mwekundu hakuinuka. Baba aliitisha kisu, mama akamwambia, "Huyo hapikwi." Nilimzika mwenyewe.

Jioni nilipanda juu ya banda na nyundo, nikang'oa misumari. Baba alikuwa kitini, akisema bati litapinda.

Acha lipinde.