Fundi Pankrasi na Maji ya Nje

Watu wa Bombambili waliacha kuzibisha sufuria zao za zamani pale zile mpya zinazong'aa zilipofurika madukani, baada ya biashara ya bidhaa za nje kufunguliwa milango. Nani akae kungoja tundu lizibwe kwa ribiti, wakati mpya iko dukani hapo mtaa wa pili? Mzee Pankrasi, aliyeziba sufuria za nusu ya mji tangu ujana wake, alibaki akisugua nyundo isiote kutu. Njaa hakuiogopa, maana shamba lake la Mpitimbi lilikuwepo. Aliogopa kuitwa mtu aliyewahi kuwa fundi.

Mteja wa kudumu alibaki mmoja, mkewe Kunegunda. Sufuria za mama huyu zilitoboka kana kwamba zina ugomvi na jiko. Kila baada ya siku chache alileta moja. "Baba Aidan, hii nayo imenitia aibu." Na mzee aliiziba kwa makini yote.

Siku moja lori lilishusha boti ndogo ya alumini, pamoja na mwenyewe, Muhsini, mvuvi wa Mto Ruvuma kutoka upande wa Tunduru.

"Shikamoo, mzee. Maungio yanavuja. Nimeambiwa wewe unaziba alumini."

"Marahaba. Sufuria, mwanangu. Boti sijawahi."

"Si alumini ileile?"

Mgeni njoo, mwenyeji apone. Muhsini alikwenda kufikia kwa ndugu zake, na mzee akaanza kazi. Alizigonga ribiti zilizolegea, Kunegunda akizikingia kipande cha chuma upande wa pili, kisha akapaka lami maungio yote kwa ndani. Wakaijaza boti maji, ndoo kwa ndoo. Halikudondoka hata tone, na mzee akatabasamu tabasamu ambalo mkewe alikuwa amelisahau.

Ndiyo maana ilimuuma Kunegunda kusema, lakini alisema. "Baba Aidan, sufuria maji yake hukaa ndani, yanakisukuma kiraka kizidi kubana. Hii maji yake yatakuwa nje. Hayataibandua lami?"

Mzee aliizunguka boti. Mazoea ya sufuria yalikuwa yamempoteza, na mtoto wa watu angezama. Akamwaga maji, akaigeuza boti kifudifudi, akaanza upya kwa nje.

Mwezi uliofuata Muhsini alirudi na samaki wakavu, na habari kwamba boti haiingizi maji na wenzake wawili wanaleta za kwao. Alipoondoka, Kunegunda aliwainjika samaki katika sufuria iliyojaa viraka, huku akiimba.

"Mama Aidan," mzee alisema, "sasa ule msumari wako urudishe ukutani."

"Msumari gani?"

"Sufuria iliyoliwa na moto huwa nyembamba kuzunguka tundu. Zako zilikuwa nene, kingo za tundu zimebinukia nje kama za kutobolewa. Nilijua tangu ile ya kwanza."

Kunegunda alijifunika uso kwa khanga, aibu na kicheko vikimjia pamoja. "Mbona hukusema?"

"Ningesema, ungeacha."