Pumzi ya Betri

Harufu ya asidi ya betri ya gari huanza kama limau lililooza, kisha hugeuka kutu, halafu hukaa nyuma ya ulimi kama mtu amekulazimisha kulamba msumari. Mwaka ule, kwetu, ndiyo ilikuwa harufu ya maendeleo. Wanunuzi binafsi wa pamba walikuwa wameanza kuingia vijijini na malori yao, chama cha ushirika kilikuwa kinakoroma kama mgonjwa asiye na wa kumuuguza, na kiwanda cha kuchambua pamba ambako baba alikuwa mtunza stoo kilimpunguza kazini pamoja na wenzake, kikampa kiinua mgongo na barua ya kumtakia heri. Wenzake walinunua ng'ombe. Baba, mtu wa kusoma magazeti ya mwezi uliopita kwa sauti kubwa, alikwenda Mwanza akarudi na televisheni nyeusi-nyeupe yenye kioo cha ukubwa wa sahani, na betri ya gari ya kuiendesha. Tulikaa kando ya barabara ya Magu. Nyaya za umeme zilipita juu ya nyumba yetu zikielekea kwa watu wengine, nasi tulizitazama kama ndugu tajiri anayepita bila kusimama kusalimia.

Kabla ya hapo, betri tulizozijua ni mawe ya redio, na katika mawe ya redio kila mtu alikuwa daktari. Yalipoanza kuchoka na mtangazaji akaanza kuongea kama mlevi, tuliyatoa tukayaanika juu ya bati pamoja na dagaa. Bibi aliyang'ata kwa meno ya pembeni mpaka yakabaki na vishimo. Jirani yetu, Mama Ngassa, aliyaweka pembeni ya mafiga wakati ugali unapikwa, akiyageuza kwa kijiti kama mtu anayechoma viazi. Na jambo baya ni kwamba yalipona. Mtangazaji alirudiwa na fahamu akasoma taarifa ya habari mpaka mwisho. Ndivyo tulivyopata elimu yetu yote ya betri: kwamba ni kitu kinachopenda joto, kinachohitaji kubembelezwa, na kisichoweza kumdhuru mtu. Elimu ikishafanya kazi mara kumi, nani ataihoji mara ya kumi na moja?

Betri ya gari ikapokelewa kwa heshima hiyohiyo, ila kubwa zaidi. Mama aliifunika kwa kitenge isipate vumbi. Baba akaitengenezea sanduku la mbao lenye kufuli, kwa sababu wezi walikuwa wameanza kuzipenda, na sanduku likakaa chumba cha ndani ambacho dirisha lake lilikuwa limezibwa kwa bati kwa sababu hiyohiyo ya wezi. Waya mbili zilitoka humo kupitia tundu la ukutani hadi sebuleni. Jumapili mchana, baada ya ibada, nusu ya kijiji ilikuwa kwetu. Baba akisimama nje kuzungusha mlingoti wa antena, watu wakimpigia kelele kutoka ndani: "Bado! Rudisha kidogo! Hapo hapo! Aa, umepitiliza, Stoo!" Kazi ilikuwa imemwacha, lakini jina la kazi lilikuwa bado linamfuata.

Aliyetulisha wakati huo alikuwa mama. Cherehani yake ilikaa barazani, na watu walitoka Magu mjini kumletea sare za shule na magauni ya kwaya. Alikata kitambaa kwa kukitazama tu. Aliweza kuingiza uzi kwenye tundu la sindano huku amenigeuzia uso ananigombeza, akamaliza vyote viwili kwa wakati mmoja. Tangu baba apunguzwe, unga, chumvi na daftari zangu vyote vilitoka kwenye macho yale. Hakuna aliyelisema hilo, kwa sababu baba alikuwepo.

Kuchaji tulikwenda kwa Mzee Hamisi, Magu. Wazee wake walifika huko zamani wakifuata biashara, wakabaki. Alikuwa mtu mpole mwenye mashati yaliyotobolewa na asidi vitundu vidogo vidogo, kama yameliwa na nondo wenye haraka. Baba aliifunga betri nyuma ya baiskeli, mimi nikatembea nyuma nikiishikilia isilale, na kwa kazi hiyo nilijiona mhandisi. Jumamosi ninayoizungumzia, tulipokwenda kuichukua, baba aliniacha pale akavuka barabara kwenda kwa kinyozi.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, binti. Baba yako yuko wapi?"

"Amekwenda kunyoa."

"Kunyoa au kubishana?"

"Vyote viwili."

Alicheka mpaka akakohoa. Kisha akaweka mkono juu ya betri yetu, kama mtu anayempapasa mbuzi kabla ya kumkabidhi kwa mnunuzi. "Basi sikiliza wewe, maana yeye akija ataanza siasa. Hii leo imeshiba sana. Betri ikishiba hupumua, na pumzi yake inashika moto kuliko petroli. Msiifungie. Ikae penye hewa mpaka kesho kutwa, na mtu asiisogelee na moto, hata wa kiberiti. Mwambie baba yako, umwambie na mama yako. Utasema?"

"Nitasema."

Sikusema. Nimejaribu mara nyingi kudai kwamba nilisahau, lakini sikusahau. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja, darasa la tano, wa kwanza darasani, na wahenga walinifahamu waliposema debe tupu haliachi kuvuma. Mwalimu wa sayansi alikuwa ametufundisha kwamba hewa tunayoitoa puani huzima moto. Mimi mwenyewe kila siku nilizima koroboi kwa kuipulizia. Pumzi gani hiyo iwashe? Nikamwona Mzee Hamisi kuwa mzee wa watu asiyesoma, mwenye hadithi zake, na nikaona si heshima kwa elimu yangu kuzibeba hadithi hizo kilomita zote zile hadi nyumbani. Njiani baba aliuliza, "Mzee kasema nini?" Nikajibu, "Kasema tusiimwage, asidi inaunguza." Baba akaridhika. Tulipofika, betri ikafunikwa kitenge, ikaingizwa sandukuni, kufuli likafungwa.

Kesho yake watu walitoka kanisani moja kwa moja hadi kwetu. Baba akiwa mlingotini, mama aliingia chumba cha ndani kubana waya. Huko ndani kulikuwa na giza la pango ingawa nje jua lilikuwa utosini. Ukikosea waya, ukabana wa kujumlisha penye kutoa, televisheni inakufa. Hilo wote tulilijua, lilikuwa ndilo onyo pekee tulilolitunza. "Kabula," mama akaita, "niletee koroboi, sizioni alama." Nikaileta. Alikuwa amekwishafungua kufuli. Akainua mfuniko, akainama, nami nikasimama nyuma ya bega lake nikanyoosha mkono ili mwanga uingie vizuri ndani ya sanduku.

Ulisikika mlio mmoja mfupi, kama ubao mkubwa unaopasuka. Koroboi ilizimika, sawasawa na mwalimu alivyofundisha. Katika giza lile nilimsikia mama akisema "Mayu, mayu," akimwita mama yake kwa Kisukuma, si kwa kupiga kelele bali taratibu, kama mtu anayetafuta kitu kilichomdondoka. Mikononi mwangu paliungua mahali padogo padogo. Sehemu kubwa ya asidi na vipande vya betri ilikuwa imemwishia yeye, kwa sababu ndiye aliyekuwa mbele yangu.

Walimtoa uwanjani, na kila aliyekuwa na neno akalisema. Mama Ngassa alitaka aletwe mama anayenyonyesha amkamulie maziwa machoni. Mwingine akasema mafuta ya samli. Mwingine akasema asiguswe kabisa, apelekwe kwa waganga wa kizungu alivyo. Mzee Hamisi hakuwa ameniambia la kufanya kwa macho, lakini darasani tulikuwa tumeambiwa asidi huoshwa kwa maji, na hilo moja, la kweli, sikulitamka. Nilikuwa nimenyamaza, na mtu akishaanza kunyamaza huona ugumu kuchagua pa kuishia. Baba alimwagia maji yaliyokuwamo ndooni, yakaisha; watoto wakatumwa kisimani; tukangoja. Lori la pamba lililokuwa linapita lilisimamishwa, mama akalazwa juu ya magunia, uso umefunikwa khanga iliyoloa, wakaondoka kwenda Mwanza. Alirudi baada ya wiki kadhaa. Jicho la kulia lilikuwa limekwenda. La kushoto lilibaki likiona kama mtu anayetazama ziwa asubuhi yenye ukungu: anajua kuna mtumbwi, hajui ni wa nani.

Mama akiwa bado hospitalini, baba alinichukua tukaenda Magu. Mbele ya wateja alimwambia Mzee Hamisi kwamba amemtilia asidi mbovu, kwamba amemuua mke wake na kumwacha anapumua. Mzee alingoja amalize.

"Pole sana, Stoo. Wallahi nimelia. Lakini nilimwambia binti yako."

Baba akageuka. "Kabula, alikwambia?"

Wateja wote wakaniangalia. Nakumbuka chaja ilikuwa inanguruma ukutani, na kwamba nililitazama shati la mzee, vile vitundu, nikavihesabu ili nisimtazame usoni.

"Hakuniambia kitu," nikasema.

Mzee Hamisi alinitazama. Hakukasirika; kama angekasirika, leo ningekuwa na kitu cha kushikilia. Akafuta mikono kwenye tambara, akasema, "Basi labda sikusema. Uzee huu." Baba alipata alichokifuata. Alikieneza barabara nzima, kuanzia kwa kinyozi, na msimu wa pamba uliofuata mlango wa Mzee Hamisi ulikuwa umefungwa. Watu walisema amehamia Nansio, kisiwani, kwa nduguye. Wengine waliongeza kwamba mtu mwenye hatia ndiye hukimbia.

Mama alijaribu kushona kwa vidole. Kila nilipotoka shule nilimwingizia uzi kwenye sindano, nikamsomea vipimo, nikamwambia kitambaa ni cha rangi gani. Sindano ikimchoma alinyonya kidole, akasema kwa sauti ya chini, "Hamisi, Mungu anakuona." Mimi nilikuwa pale pale, uzi mkononi. Wateja walivumilia kola zilizopinda kwa muda ambao adabu inaruhusu, kisha wakaacha kuja. Cherehani ikafunikwa gunia, kuku wakataga chini yake.

Wahenga wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu imepita shule ya sekondari, chuo kikuu na vitabu viwili ambavyo ndani yake nimewafundisha wengine ukweli, na haikuonyesha dalili ya kuchoka. Siku hizi naishi Butimba, hapa Mwanza, na mama yupo nami. Kila mtu nyumbani anatembea na betri mfukoni, nyembamba kuliko biskuti, na anaiamini kuliko tulivyoyaamini mawe ya redio. Wanazichaji chini ya mto, wanalala juu yake, wananunua chaja zinazopangwa chini sokoni kwa sababu zina rangi nzuri. Mwaka jana godoro la mwanafunzi aliyepanga nyuma yetu liliungua na simu yake. Alipona, na juma lililofuata nilimwona amelala na nyingine. Mimi ndiye kichekesho cha nyumba. Ndimi ninayesoma vile vikaratasi vyenye maandishi madogo kama kichwa cha sisimizi, ndimi ninayechomoa chaja za watu, ndimi ninayezigusa simu kama mama anayeangalia homa ya mtoto. Siwezi kusema betri za leo ni hatari kuliko ile. Naamini ni salama zaidi; nyingi zinazeeka na kufa kwa amani. Lakini onyo lake huandikwa na mtu tusiyemjua, kwa herufi tusizozisoma, na hakuna anayekutazama usoni akakuuliza kama utasema.

Mwezi uliopita nilikuta simu ya mama imevimba kama andazi, mfuniko umeachana na mwili, naye ameilalia akisikiliza redio. Nikamnyang'anya, nikakimbia nayo nje, nikaiweka mchangani mbali na nyumba. Nikarudi ndani. Mama akacheka. "Unaogopa kisimu hicho? Ile yetu ilikuwa asidi mbovu ya yule mzee."

Nikakaa kitandani pake nikamwambia yote: kinyozi, pumzi, kiberiti, baba aliponiuliza, nilivyojibu. Hakunikatiza. Kwa kuwa uso wake hautazami tena mahali anapowaza, sikuweza kujua nimefika wapi.

"Kumbe alisema," akanena hatimaye.

"Alisema, mama."

"Nimemlaani mtu wa watu mpaka leo." Vidole vyake vilipapasa upindo wa shuka, vikitafuta mshono. "Macho ni yangu, hayo nimekusamehe hata kabla hujaomba. Lakini jina la yule mzee si langu. Huko Nansio ana watoto. Nenda ukawaambie."

Nikasema nitakwenda. Boti ya Nansio ipo kila siku, na kila siku nimekuwa na shughuli. Badala yake nikaandika haya, nikayasawazisha, na Jumapili iliyopita nikamsomea kuanzia mwanzo hadi hapa, sauti ikinikatika mahali panapofaa. Alisikiliza mpaka mwisho, mikono ameikunja mapajani.

"Umeandika vizuri," akasema. "Sasa panda boti. Kuandika si kwenda."