Kifutu Katika Posa ya Soin

Ninyi tunaochuma majani ya chai pamoja mmeniuliza mara nyingi, tukiwa kwenye kituo cha kupimia tukingoja lori la kiwanda, ilikuwaje tukaenda Soin kuposa tukarudi na mzee aliyefungwa mkono kwa bandeji. Kila nikianza kusimulia, lori linafika na kila mtu anakimbilia gunia lake. Basi nimeketi nikaandika.

Sababu ya safari mnaijua. Mama alipofariki, baba akiwa ametangulia, nilikuwa darasa la saba na wadogo zangu watatu wananitazama. Niliacha shule nikachukua kikapu cha mama. Wasichana wawili wameshaolewa, na kwao ni wageni waliokuja kwetu kuomba. Kiprotich, kitindamimba wetu, ndiye aliyebaki, na kwa mvulana sisi ndio tunaotoka. Alikuwa amempenda Chepkoech, msichana wa Soin. Posa hii ilikuwa kipande cha mwisho cha kazi niliyoachiwa, na nilitaka iende vizuri kuliko kitu chochote nilichowahi kukitaka.

Kapkatet, asubuhi. Tuliondoka wanne. Msemaji wetu alikuwa Arap Keter, mdogo wake baba, ambaye namwita Baba mdogo. Mzee wa pili alikuwa Arap Bett, jirani anayejua mila zote na asiyependa hata moja irukwe. Dereva alikuwa Onyancha, ambaye wazazi wake walitoka Kisii wakanunua shamba karibu na letu, na pikapu yake ndiyo hubeba maziwa yetu. Mimi nilikwenda mahali pa mama. Kiprotich hakuja, kwa sababu anayeposewa hukaa nyumbani. Alikuwa ameosha pikapu mpaka mitungi ya maziwa ilionekana kama ya kanisa.

Lazima niwaeleze jambo moja kuhusu Baba mdogo. Akienda kujadili mahari huhesabu ng'ombe kwa vijiti. Kila ng'ombe ni kijiti kimoja kilichonyooka, naye hukiweka mezani polepole, kama mtu anayeng'olewa jino. Wakwe wengi wamechoka wakakubali wachache ili tu waende kulala. Nilimsihi awe mpole safari hii. Aliniambia nisiwe na wasiwasi, upole ameubeba kwenye mfuko wa koti.

Litein, kisha Chemosit, kisha Kericho. Hapo sote tuko nyumbani, pande zote majani, mashamba yamekatwa sawasawa kama nywele za mtoto wa shule, ukungu unapanda taratibu kutoka kwenye mito. Tulipopita Kapsoit, barabara ilianza kushuka na nchi ikabadilika. Chai ilikwisha, miwa ikaanza, na joto likaingia garini. Onyancha alivua sweta. Mimi nilivua kitambaa cha shingoni. Arap Bett alibaki ndani ya koti lake la sufu akitoka jasho kwa heshima.

"Wazee wangu," Onyancha alisema, "huku chini kuna nyoka. Mwangalie mnapoweka mguu na mkono."

"Akiniona nitamtajia bei ya ng'ombe," Baba mdogo akajibu. "Atakimbia mwenyewe."

Tulicheka hadi Onyancha akapunguza mwendo. Lakini cheko letu lilikuwa la watu wa baridi. Kwetu kitu cha kuogopa shambani ni nyigu waliojenga chini ya mche wa chai. Nyoka tunamwona mara moja moja, mwembamba, naye anakimbia kabla hatujakimbia sisi. Ndiyo maana mtu wa kwetu hutia mkono kwenye lundo la kuni bila kuangalia.

Soin, karibu na saa sita. Tulipokewa kwa shangwe. Arap Ngeno, baba wa msichana, ni mtu mkubwa mwenye kicheko kinachoanzia tumboni. Alitusalimia "Chamgei" mmoja mmoja akitushika mkono kwa muda mrefu, na mkewe akatuletea mursik, yale maziwa ya mgando mnayoyajua, ya kibuyu kilichosuguliwa kwa mkaa. Chepkoech hatukumwona. Msichana anayeombwa hukaa jikoni mpaka wazee wamalize, naye alikuwa huko pamoja na shangazi zake. Nilisikia kicheko kimoja kupitia ukuta nikajua ni chake, kwa jinsi Kiprotich alivyokuwa amenieleza.

Mazungumzo yalikwenda kama gari kwenye lami. Tulipofika kwenye ng'ombe, Baba mdogo alipapasa mfuko wa koti na kukuta vijiti vyake amevisahau Kapkatet. Aliomba ruhusa atoke nje atafute vingine. Nyuma ya nyumba kulikuwa na lundo la kuni kuukuu. Vijiti vya juu vilikuwa vimepinda, na yeye hataki ng'ombe aliyepinda. Akatia mkono katikati.

Tulisikia mlio kama gurudumu linalotolewa upepo. Kisha nikamsikia akiniita jina langu, kwa sauti ya chini kabisa, na hiyo sauti ya chini ndiyo iliyonitisha.

Alikuja ameushika mkono wa kulia. Nyuma ya kiganja kulikuwa na matundu mawili yanayotoa damu, na tayari ngozi ilikuwa imeanza kujaa. Onyancha alizunguka akasimama mbali, akamwona nyoka juu ya kuni: mfupi, mnene kama mkono wa mtu mzima, kichwa kipana, mgongoni alama za pembe zilizofuatana hadi mkiani. Alimpiga picha kwa simu kutoka alipokuwa. Watu wa pale walimtambua mara moja kuwa ni kifutu.

Sasa kila mtu akawa na dawa. Jirani alikuja mbio na kipande cha mpira wa baiskeli cha kuufunga mkono juu, na wembe wa kuchanja, na jiwe jeusi la kunyonya sumu. Mama mwenye nyumba alisukuma kibuyu kwenye midomo ya Baba mdogo, kwamba maziwa yaizimishe sumu tumboni. Arap Bett naye alikuwa amesimama na kofia kichwani, tayari kuondoka.

"Nyoka kwenye posa ni jibu," alisema. "Tumekatazwa. Tumpakie mzee turudi kwetu, atatibiwa Kapkatet, na kwenye nyumba hii tusirudi tena."

Niliona kazi yangu yote ikifungwa pale uani. Tena Kapkatet ni mbali, na mkono ule ulikuwa unavimba mbele ya macho yetu.

Ndipo mlango wa jikoni ukafunguka, akatoka Chepkoech, unga bado kwenye vidole. Shangazi mmoja alimshika gauni, likamponyoka. Baadaye nilijua kwamba ni mhudumu wa afya wa kijiji, aliyefunzwa mambo haya. Saa ile niliona tu msichana asiyepaswa kuonekana akipita katikati ya wazee.

"Baba, mpira huo usifungwe," alimwambia baba yake. "Ukifungwa, sumu inakaa mahali pamoja na mkono unaoza. Wembe pia hapana. Jiwe halinyonyi kitu."

"Rudi jikoni," baba yake akasema, lakini bila nguvu.

"Nitarudi akiwa amefika hospitali." Akamgeukia Baba mdogo, akapiga goti. "Mzee, keti. Usitembee, usitikise mkono. Watu wengi wanaoumwa na huyu wanapona wakifika mapema. Hii pete tuitoe sasa hivi."

Baba mdogo alikataa. Pete ile alivalishwa na marehemu mkewe na hakuwahi kuivua hata akikamua. Chepkoech hakubishana naye. Alimwambia tu kwamba baada ya muda kidogo kidole kitakuwa kinene kuliko pete, na hapo itakatwa kwa msumeno, au kidole kife. Alituma mtu alete mafuta ya kukamulia ng'ombe, akampaka, akazungusha pete pole pole mpaka ikatoka. Aliitia mkononi mwangu. Saa nayo ikavuliwa.

Kisha akaulaza mkono juu ya kibao, akaufunga kwa leso ili usichezecheze, akihakikisha kidole kinapita chini ya leso. Akachukua kalamu, akachora mstari mahali uvimbe ulipofika, akaandika saa kando yake kwenye ngozi. Maziwa aliyasogeza kando, maana mtu kama huyo anaweza kutapika yakampalia. Vijana waliookota fimbo wakamtafute nyoka aliwaita warudi, akisema mgonjwa mmoja anatosha na picha tunayo.

Arap Bett alikuwa bado anangoja jibu. Mimi ni mwanamke, na katika posa si mimi ninayesema. Lakini msemaji wetu ndiye aliyekuwa ameumwa.

"Mzee Arap Bett," nilisema, "posa hii niliachiwa mimi na mama yangu. Baba mdogo anaenda Kericho, ndiko karibu. Na huyu msichana anakwenda naye. Mambo ya nyoka tutayazungumza akiwa mzima."

Arap Bett akavua koti lake la sufu, mara ya kwanza siku ile, akalikunja likawa mto.

Barabarani kurudi Kericho. Tulitandika godoro nyuma ya pikapu, Baba mdogo akalala kwa ubavu, Chepkoech upande mmoja, mimi upande wa pili, Arap Ngeno miguuni akishikilia kila kitu. Onyancha, Arap Bett akiwa kando yake, aliendesha kama aliyebeba mayai. Maumivu yalikuwa makali, mzee aliuma meno na jasho lilimtoka. Mara kwa mara Chepkoech alichora mstari mpya, kila mmoja ukiwa juu ya ule uliotangulia, nami niliufuata uvimbe kwa macho ukipanda kuelekea kiwiko. Nilikuwa nimeikunjia pete kiganjani mpaka ikaacha alama.

Karibu na Kapsoit, Baba mdogo alifumbua jicho moja akamtazama Chepkoech.

"Ni wewe tuliyekuja kuomba?"

"Ni mimi, baba."

"Kumbe mnaficha vizuri."

Hapo Arap Ngeno alicheka kile kicheko chake cha tumboni, nami nikacheka na machozi yakanitoka kwa pamoja.

Hospitalini. Daktari aliisoma ile mistari ya kalamu kama mtu anayesoma gazeti, akaitazama picha, akauliza ni nani aliyeyafanya yale. Walichukua damu wakaiweka kwenye kichupa wakangoja waone kama itaganda, maana sumu ya kifutu inaweza kuizuia. Walimtundikia dawa ya sumu ya nyoka kwa mshipa, muuguzi akiwa amesimama karibu, kwa sababu dawa yenyewe inaweza kumletea mtu mzio. Ndiyo sababu si kitu cha kununua dukani ujidunge.

Yule muuguzi alipenda kuzungumza, nami nilipenda kusikiliza. Alinieleza kwamba kifutu huvimbisha na kuumiza, lakini wako nyoka ambao mahali palipoumwa hapavimbi sana, ila kope zinalegea, ulimi unakuwa mzito na pumzi inakuwa shida. Mtu huyo asicheleweshwe eti kwa sababu hakuna uvimbe. Nyoka akikutemea mate machoni, osha kwa maji safi mengi, kwa muda mrefu, na usisugue. Nilimuuliza habari za nyigu wetu. Alisema wengi wanahitaji tu kuosha na kitambaa cha maji baridi. Nyuki huacha mwiba, utoe haraka kwa njia yoyote. Lakini mtu akivimba midomo, akatokwa vipele mwili mzima au akaanza kukoroma kwa kukosa hewa, hata kama ni nyigu mmoja, hakuna kungoja lori la majani limpitie.

Siku iliyofuata, wodini. Uvimbe ulikuwa umesimama chini ya kiwiko. Arap Ngeno alifika na mkewe, na kibuyu cha mursik, sasa kwa ruhusa ya daktari. Nilijua kuna jambo limebaki katikati yetu, na Arap Bett ndiye aliyelianza. Alikohoa, akasema ametafakari. Nyoka yule hakuja kukataza. Alikuja kumtoa msichana jikoni, kwa sababu wazee walikuwa wanachelewa.

"Hiyo mila iko wapi?" Baba mdogo akamuuliza kutoka kitandani.

"Imeanza jana," Arap Bett akasema.

Basi Baba mdogo akaomba vijiti. Muuguzi alimletea vile vijiti bapa vya kukandamizia ulimi, vipya, vyote vimenyooka sawasawa, naye akavisifu sana. Aliviweka juu ya blanketi kwa mkono wa kushoto, kimoja kimoja, mpaka vikafika pale tulipokubaliana nyumbani. Nikadhani amemaliza. Akachukua kimoja zaidi, akakishikilia hewani kwa muda mrefu, kisha akakiweka.

"Huyu hatukumpanga," alisema. "Huyu ni wa mkono wangu."

Nilikuwa namjua tangu nizaliwe na sikuwahi kumwona akiongeza ng'ombe.

Kapkatet, kurudi. Baba mdogo aliporuhusiwa tulipanda kutoka Kericho ndani ya ukungu wetu mzuri wa baridi. Kiprotich alikuwa amesimama barabarani. Nilikuwa nimempigia simu kila siku, lakini alitaka kuhesabu watu kwa macho yake. Nilimwambia, "Msichana tumepewa," akanikumbatia na kuninyanyua na mzigo wangu. Nilimkumbuka mama saa ile, na nilimkumbuka kwa furaha.

Kwa hiyo mkiniona nagonga mche kwa fimbo kabla ya kutia mkono, msinicheke. Nimejifunza kuangalia kwanza, hata kwetu kwenye baridi. Nimejifunza kwamba mtu akiumwa, tunamtuliza, tunamvua kila kinachobana, tunautegemeza mkono au mguu kwa kibao usitikisike, na tunatafuta gari. Wembe, mpira na jiwe tunaviacha. Na nimejifunza kwamba anayejua la kufanya aachwe apite, hata kama ametokea jikoni.

Pete imerudi kidoleni mwa Baba mdogo, ingawa ilichukua wiki kadhaa na mafuta mengi ya kukamulia. Ng'ombe walishuka Soin kwa pikapu ya Onyancha, na yule wa nyongeza Arap Ngeno alimpa jina la Mkono. Jana alipiga simu kutuambia kwamba Mkono amezaa ndama jike, mzima kabisa. Sote tulishangilia. Baba mdogo aliangalia vidole vyake, kisha akaniomba nimuulize mkwe, kwa heshima, kama ndama naye alikuwa kwenye hesabu.