Mwimbaji wa Upande wa Pili wa Ukuta

Mama alikuja kunitembelea Birmingham wakati wa baridi. Jumapili yake ya kwanza, tulipotoka kanisani, hata koti hajavua, akabandika sikio ukutani. Nyumba za mtaa wetu wa Saltley zimeshikamana. Jirani akipiga chafya unamwambia pole.

"Huyo mzee wa hapo anaumwa," akasema. "Tena sana. Na wewe nesi mzima umekaa unakula mkate."

Nikasikiliza, nikacheka. "Mama, hiyo ni santuri."

"Santuri haiugui hivyo."

Alikuwa ameshachukua thamosi ya chai. Nikamfuata, maana mama yangu haachwi peke yake na watu ambao hawajamzoea.

Jirani, fundi magari mstaafu, Mwingereza mpole, alitufungulia mlango. Sebuleni walikaa wazee wenzake watatu, vichwa chini kama watu walio matangani. Kwenye gramafoni mtu aliyekufa zamani alikuwa akiomboleza na gitaa lake, sauti ikikwaruza kama kitunguu kinachokaangwa.

Jirani akaeleza, nami nikamtafsiria mama. Mwimbaji alikuwa Mmarekani mweusi, mmoja wa waanzilishi wa muziki wa bluzi. Aliacha nyimbo chache tu. Picha yake hakuna, kaburi halijulikani, na kama alikufa kwa sumu au kwa kisu, hakuna ajuaye. Ila wapiga gitaa wa dunia nzima wanamwiga hadi leo. "Na inasemekana," akamalizia, macho yakimng'aa, "alimuuzia shetani roho yake ili ajue kupiga gitaa."

Nilitafsiri nikijua fika mambo yanakoelekea.

Mama akaweka kikombe chini. "Waulize kama kuna aliyewahi kumwombea."

Wazee wakatazamana. Tangu ujana wao walikuwa wamebishania nyuzi za gitaa lake, pombe yake, hata urefu wa vidole vyake, lakini hilo halikuwahi kuwapitia akilini.

"Kwa hiyo wanaburudika tu," mama akasema, "na mwenzao anaungua."

Nikatafsiri, nikipunguza moto kidogo. Mzee mmoja mwenye ndevu, aliyetutangazia kuwa haamini Mungu kabla hata ya kutusalimu, akauliza kwa heshima kama mama angependa kumwombea sasa.

"La. Sisi hatuwaombei wafu, wameshafika walikofika." Akasimama, akakunja mikono ya sweta. "Lakini ninyi bado mpo."

Akawaombea. Kwa Kiswahili, kwa sauti ya mkutano wa injili, akiwawekea mkono begani mmoja mmoja, akikemea roho ya gitaa, roho ya pombe, na roho ya wazee kujifungia ndani bila kula mboga. Nilikaza meno nisicheke, mpaka nilipomwona jirani akifuta machozi. Mkewe alikuwa amefariki mwaka uliotangulia, na nadhani tangu mazishi hakuna aliyewahi kumwekea mkono begani. Kicheko kikaniisha.

"Amina," wakajibu wote, hata yule wa ndevu.

Kisha jirani akauliza kama anaweza kugeuza santuri upande wa pili. Mama akafikiri. "Ageuze. Lakini asiongeze sauti."

Tukasikiliza hadi chai ikaisha.

Kesho yake asubuhi nilimkuta jikoni akikoroga uji, huku akivumisha wimbo kwa pua.

"Mama, huo si wa yule mtu wa shetani?"

"Ni tenzi."

"Namba ngapi?"

Akageuza mwiko. "Bado haijaingia kitabuni."