Nilimpiga Baba Picha ya Msiba Akiwa Hai

Jamani, kosa ni langu. Nalisema mapema kabla sijaanza kuwalaumu wenzangu, maana kuwalaumu nitawalaumu tu, siwezi kujizuia.

Mimi ni mtoto wa kwanza, naishi Mazwi, hapa Sumbawanga mjini. Wadogo zangu ni wawili: wa kiume anafanya biashara ya dagaa Kirando, wa kike ameolewa Mbeya. Baba yuko kijijini, analima mahindi na ulezi, anaishi na mbwa wake anayeitwa Mjumbe.

Mwaka jana baba aliugua. Miguu ilivimba, akakonda mpaka koti lake la kanisani likawa linamning'inia. Sisi watatu tukafungua kundi la WhatsApp, na mimi ndiye niliyeandika: "Tumpige baba picha nzuri mapema."

Sababu nilikuwa nayo. Baba mdogo alipofariki tulikosa picha, tukakuza ile ya kitambulisho, uso ukatoka mweusi hauna macho. Watu walinong'ona msiba mzima! Nikaapa kwamba kwa baba yangu aibu ile haitatokea.

Mdogo wangu wa kiume akajibu, "Wazo zuri dada, tusije tukahangaika siku yenyewe." Wa kike akaweka vidole gumba vitatu. Tukapatana tumwambie baba ni picha ya familia tu.

Weee, baba alivyofurahi! Alinyoa siku mbili kabla. Akamwogesha Mjumbe kwa sabuni ya mche, mbwa analia utadhani anachinjwa, akasema bila Mjumbe yeye hapigwi picha. Mimi nikashona sare za kitenge, nikapiga pasi lile koti, nikalibana kwa pini mgongoni lisionekane kubwa. Wote walikuja, na watoto wao. Upepo unatuvua vilemba, tunacheka, na baba anacheka kuliko sisi sote.

Tulipomaliza, mpiga picha akasema, "Sasa mzee peke yako, kifuani tu." Mimi nikashika shuka jeupe nyuma yake.

"Peke yangu ya nini, mama?" Ananiita mama kwa sababu nina jina la mama yake.

"Ya bima, baba." Nilimjibu hivyo hata kope sikupepesa. Mungu wangu!

Ningeishia hapo. Lakini mimi nikishika jambo lazima nilimalize. Nikaipeleka picha ikatiwa fremu, na utepe mweusi pembeni. Chini yake wakaandika "Pumzika kwa Amani Baba", jina lake, mwaka wa kuzaliwa, kistari, halafu nafasi wazi. Nikaificha kabatini chini ya mablanketi.

Na baba akapona! Dawa zilimkubali, akarudi shambani. Kwa furaha nikaisahau ile fremu kabisa.

Mwezi wa sita, ile baridi yetu mnaijua, akaja kwangu bila taarifa na kiroba cha unga wa ulezi. Mimi nilikuwa sokoni. Baridi ikamzidi, akafungua kabati atafute blanketi. Narudi, namkuta kwenye kochi, fremu iko mapajani.

"Shikamoo baba."

Hakuitikia. Aliweka kidole pale palipo wazi. "Mama, hapa utajaza lini?"

Nilipiga magoti. Nikalia, nikasema hatukuwa na nia mbaya, tulipatana sote watatu. Akaniambia nipige simu, niweke spika.

"Mimi?" mdogo wangu wa kiume akaruka. "Baba, mimi sijui lolote! Muulize dada, ndiye anayependa kujionyesha."

Wa kike naye akaangua kilio. "Baba, dada alituambia ni picha ya familia. Ningejua ningekuja kweli?"

Nyie! Watu tulionyonya ziwa moja! Watu niliowabeba mgongoni! Kwa hasira nikafungua lile kundi ili nimsomee baba walichoandika, neno kwa neno.

Akaifunika simu kwa kiganja chake. "Acha, mama. Unataka nijue kwamba mlikuwa wengi?"

Nikaiweka simu mezani.

"Siku ile nilicheka kwa sababu nilidhani mmenikumbuka," akasema. "Kumbe mlikuja msibani."

Akabeba fremu akaondoka, hata chai hakunywa.

Wadogo zangu leo wanapigiwa simu, wanatumiwa mahindi mabichi. Hakuna hata mmoja aliyefungua kinywa kunitetea, na kwenye kundi walishajitoa. Mimi tangu nizaliwe baba alinisemesha Kifipa. Siku hizi nikienda ananisemesha Kiswahili, kama karani na mtu asiyemjua: "Karibu, dada. Keti." Lile neno mama silisikii tena. Anayenikimbilia ni Mjumbe peke yake.

Ninyi wenye wazazi wagonjwa, nawasihi. Mkiwafuata, wafuateni kwa ajili yao wenyewe. Mkitaka picha ya msiba, waambieni ukweli wakatae au wakubali wenyewe. Na vidole gumba vya kwenye simu msiviamini, hata viwe vya ndugu!

Fremu ameitundika sebuleni mkabala na mlango, na utepe wake mweusi. Wageni wakishtuka wakiuliza ni nini kile, baba anawajibu kwa upole kabisa: "Zawadi ya mwanangu mkubwa."